Barua ya wazi: Filamu za Kigoma zinafia mezani kabla kamera haijawashwa

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya sanaa. Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania. Wasimamizi wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Mkuu wa Mkoa wa Kigoma. Na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mkoa huu.

YAH: FEDHA NA VIBALI KWA KIPINDI CHA MAANDALIZI YA FILAMU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni watayarishaji, waongozaji na mafundi wa filamu tunaofanya kazi Kigoma-Ujiji, Uvinza, Kasulu na Buhigwe, bila kampuni kubwa nyuma yetu. Tunawaandikia kuhusu kipande cha kazi kisichoonekana kwenye skrini wala kwenye picha za uzinduzi: miezi minne hadi sita kabla ya siku ya kwanza ya kushuti. Hapo ndipo filamu inapopona au kufa, na hapo ndipo msaada wenu unapotufikia kwa shida kuliko mahali pengine popote. Mtu akisema anataka kutengeneza filamu, anaulizwa kama ana kamera. Tunaomba aanze kuulizwa kama ameichambua skripti yake, na akiwa hajaichambua, awezeshwe kuichambua.

Bajeti yote inazaliwa kwenye skripti. Ikiandikwa kwa mpangilio unaokubalika, ukurasa mmoja ni karibu dakika moja ya filamu. Msaidizi wa muongozaji anaugawa kila ukurasa sehemu nane, kisha kila tukio linapewa karatasi yake: urefu wake kwa sehemu hizo, mahali, mchana au usiku, waigizaji, nguo, vifaa vya mkononi, magari, watoto, wanyama, maji, moto. Kikosi kidogo chenye kamera moja kinamudu kurasa tatu hadi tano kwa siku, mradi hakihami. Kurasa 90 kwa mwendo wa kurasa nne ni siku 23. Mkihama kutoka Mwanga kwenda Ujiji, hapa hapa mjini Kigoma, katikati ya siku, kufungua vifaa, kupakia, kushusha na kufunga upya taa kunakula saa mbili au zaidi, na zile kurasa nne zimekuwa tatu. Ndiyo maana ratiba nzuri haifuati mtiririko wa hadithi. Matukio yote ya nyumba ile ile yanashutiwa pamoja, hata kama moja ni la mwanzo wa filamu na jingine ni la mwisho, na mtu wa mwendelezo anabaki na kazi ya kukumbuka kovu lilikuwa shavu lipi.

Uchambuzi huo ukifanywa kwa uaminifu unachukua watu wawili wiki mbili. Kwa kuwa hakuna anayewalipa, mara nyingi haufanyiki, na bajeti inaandikwa kwa kukisia. Mwombaji anafika mbele ya kamati zenu na jumla ya shilingi milioni 60, mkimuuliza kwa nini isiwe 52 au 71, hana la kusema. Mkimnyima, amepoteza muda. Mkimpa, hatari ni kubwa zaidi, maana fedha itamwishia siku ya 14 akiwa na nusu ya filamu, na nusu ya filamu haina mnunuzi.

Tuwaonyeshe tukio moja tu, lenye urefu wa ukurasa mmoja na sehemu tatu. Ni usiku, wavuvi wa dagaa wako kwenye Ziwa Tanganyika, baba na binti yake wanazungumza ndani ya boti, taa zimewaka. Kwenye karatasi ni mistari michache na maneno ya watu wawili.

Wa kwanza kuulizwa ni mwezi. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo boti nyingi zinabaki mwaloni, kwenye kituo chao cha ufukweni. Anayetaka ule mstari wa taa unaoonekana usiku kutoka Kibirizi uwe nyuma ya waigizaji wake lazima aangukie giza la mwezi. Halafu kuna msimu. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ndicho kila mtu wa filamu angekichagua, kwa sababu mvua hakuna na barabara za vijijini zinapitika. Lakini mwaka 2024 uvuvi ziwani ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Uamuzi ni mzuri na hatuupingi. Ila mtayarishaji aliyepanga kushuti Julai pasipo kuuliza atakuta boti zimepanda nchi kavu na hakuna taa hata moja majini. Anabaki na nusu ya pili ya Agosti na Septemba, wakati upepo wa kusini-mashariki bado unavuma na kuinua mawimbi. Toa siku za mwezi mkubwa, toa siku za upepo, usiku unaobaki ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kisha nanga. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470 hivi penye kina kirefu kuliko kote, na sehemu nyingi sakafu yake inaporomoka ghafla karibu na ufuko. Kamba ya mita 30 haigusi kitu. Boti ya waigizaji na boti ya kamera zinasukumwa kila moja kivyake, na baada ya dakika tano nyuma ya waigizaji pamebadilika kiasi kwamba shoti haziungani. Huwezi kuwasha mashine kuzirudisha, kwa sababu mashine inaua sauti ya mazungumzo. Dawa ni kuligawa tukio mapema: shoti pana zenye taa zichukuliwe ziwani, na shoti za karibu za mazungumzo zichukuliwe ghubani, hatua chache kutoka ufukweni, mahali ambapo wenyeji wamethibitisha hapana mamba, boti imefungwa na watu wawili wamesimama majini wakiitikisa polepole. Mtazamaji hatajua. Lakini uamuzi huo ukifanywa usiku wenyewe badala ya mezani, usiku umekwisha.

Taa nazo zina lake. Karabai zimepungua, wavuvi wengi sasa wanatumia taa za LED za betri zinazochajiwa kwa sola. Kwa macho zinawaka sawasawa. Kwenye kamera baadhi yake zinapepesa, michirizi myeusi inapanda na kushuka kwenye nyuso za waigizaji, kwa sababu saketi inayodhibiti mwanga inakatakata umeme kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kuisafisha kasoro hiyo wakati wa uhariri ni kazi ngumu na ghali. Kuiepuka ni jaribio la dakika 20: unakwenda mwaloni na kamera ile ile utakayotumia, unarekodi picha 25 kwa sekunde kwa shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, kisha 1/100, unakagua kwenye skrini kubwa na kuchagua taa ambazo hazipepesi. Tatizo ni kwamba kamera ya kukodi kwa kawaida iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na mwenye nayo anahesabu siku za safari kama siku za kukodi. Ikija kwa ndege, betri zenye zaidi ya saa-wati 160 hazipandi ndege ya abiria kabisa, na zile za kati ya 100 na 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege, tena mbili tu za akiba kwa kila msafiri. Hili nalo linagunduliwa uwanja wa ndege na mtu ambaye hakuwa na fedha ya maandalizi.

Ongeza usalama. Zinahitajika boti tatu: ya waigizaji, ya kamera na ya uokoaji, zote zikiwa zimekaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Jaketi okozi ni la kila mtu, na mwigizaji analivua wakati wa shoti tu. Viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo, wanapaswa kujua mtakuwa wapi na saa ngapi. Mwenye boti analipwa thamani ya usiku mzima wa uvuvi, kwa sababu usiku huo havui. Mashine ya nguvu ya farasi 40 ikienda kasi yote inakunywa lita 15 au zaidi kwa saa. Boti tatu zikitembea saa mbili tu kila moja ni lita 90 za petroli, kabla hamjarudia tukio.

Huo ni ukurasa mmoja na sehemu tatu tu kati ya kurasa 90. Kila tulichokitaja kinaamuliwa kabla ya kushuti, na kila kimoja kina bei: safari ya kukagua lokesheni, usiku mmoja wa majaribio, vikao na wavuvi, simu, nauli, chakula.

Kuna mambo ya Kigoma ambayo ratiba iliyoandikwa Dar es Salaam haiyajui. Julai, jua la Dar linachomoza saa 12 na nusu asubuhi hivi. La kwetu linachomoza saa 1 ikiwa imeshapita, na jioni linazama saa 1 na dakika chache. Ratiba inayowaamsha watu saa 10 alfajiri kwa ajili ya mwanga wa mapambazuko inawachosha bure, na inayofunga kazi saa 12 jioni inatupa mwanga mzuri kuliko wote, ule wa jua likishukia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Milima yenyewe haionekani siku zote: kuanzia Julai moshi wa mapori na mashamba yanayochomwa unaweza kuificha kabisa. Anayeitaka milima afikirie siku zinazofuata mvua za kwanza, hewa inapokuwa imesafishwa, kisha apange pia turubai na siku za ndani za akiba.

Sasa fedha. Chukueni mfano wa watu 30 kwenye seti, mafundi na waigizaji, siku 24, milo mitatu kwa siku. Ni sahani 2,160. Tukikadiria shilingi 5,000 kwa sahani, ni milioni 10 na laki nane, na huu ndio mstari ambao bajeti nyingi za filamu ndogo zinauandika "chakula: milioni 2". Usafiri wa ndani, malazi ya wanaotoka nje ya mji, petroli ya jenereta na kodi zinafuata mkondo huo huo. Kodi ya zuio ya asilimia 5, inayokatwa kwenye malipo ya watoa huduma wakazi, inasahaulika karibu kila mara. Fundi anaahidiwa laki tano, anataka laki tano mkononi, na tofauti inatoka mfukoni mwa filamu. Halafu akiba ya dharura, ambayo kanuni ya kazi hii duniani kote inaiweka kwenye asilimia 10 ya bajeti. Wakaguzi wa maombi wanaifuta wakidhani ni ujanja. Tafadhali msiifute. Mwigizaji mkuu akipata malaria siku ya tisa, hiyo asilimia 10 ndiyo inayoamua kama kuna filamu.

Hifadhi ya picha nayo ihesabiwe kwa tarakimu, isiwe "fleshi na hadi disiki". Ukirekodi picha za ubora wa 4K kwa ProRes 422, aina ya faili la video, picha 25 kwa sekunde, saa moja inakula karibu gigabaiti 220. Filamu ya dakika 90 inayorekodiwa mara nane ya urefu wake ni saa 12, yaani terabaiti 2.6 au zaidi. Nakala ziwe tatu, kwenye diski tatu, na moja ilale nyumba nyingine. Ni terabaiti nane. Diski zikinunuliwa pungufu, katikati ya wiki ya pili mtu anafuta kadi ambayo haijanakiliwa, na hakuna mkopo unaorudisha kile kilichofutwa.

Jambo ambalo tungependa mliweke kama sharti ni fedha ya uhariri, sauti na rangi. Ikichanganywa na fedha ya kushuti, italiwa na kushuti. Iwekwe akaunti ya pembeni tangu siku ya kwanza, yenye sahihi mbili, moja ikiwa ya mtu asiyekuwa kwenye seti. Filamu zilizoshutiwa na kukwama kwenye diski ni hasara kubwa kuliko zile ambazo hazikuanza.

Kuhusu vyanzo, tunaheshimu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu, isiyo na riba. Kwa biashara ya mawese au cherehani inafanya kazi. Kwa filamu inagongana na kalenda. Maandalizi miezi mitano, kushuti mwezi mmoja, uhariri miezi minne, kisha filamu inapelekwa Bodi kuhakikiwa na kupangiwa daraja, inatafutiwa mnunuzi, mnunuzi anadai masahihisho, na malipo yanakuja miezi miwili au mitatu baada ya kukabidhi. Shilingi ya kwanza inaonekana baada ya zaidi ya mwaka. Mkopo unaodai rejesho mwezi wa nne unamlazimisha mkopaji kurejesha mkopo kwa fedha ya mkopo wenyewe, na kinachokatwa kwanza ni maandalizi. Tunaomba filamu ipewe kipindi cha neema cha miezi 18 kabla ya rejesho la kwanza, na fedha itoke kwa awamu zinazofuata hatua za kazi: awamu ndogo ya uchambuzi, ukaguzi wa lokesheni na bajeti, awamu ya kushuti baada ya kamati kuiona hiyo bajeti, awamu ya uhariri baada ya kupokea ripoti za kila siku na orodha ya nakala za picha. Halmashauri italindwa zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa kutoa hundi moja. Awamu ya kwanza ikionyesha kwamba filamu haiwezekani kwa fedha iliyopo, mmepoteza kidogo na mmeokoa nyingi.

Si wazo geni. Hubert Bals Fund, mfuko wa tamasha la filamu la Rotterdam, Uholanzi, ina msaada wa euro 10,000 kwa ajili ya kuendeleza skripti na mradi peke yake, kabla ya kushuti chochote. World Cinema Fund ya Berlin inataka uwe na mshirika wa Ujerumani. Mifuko ya aina hii inadai kifurushi kinachofanana: skripti iliyokamilika, maelezo ya muongozaji, bajeti yenye mistari, mpango wa fedha unaoonyesha kila chanzo na kama kimethibitishwa, na hati inayoonyesha hadithi ni ya nani. Mtayarishaji wa Kigoma hashindwi kwa sababu hadithi yake ni dhaifu. Anashindwa kwa sababu kifurushi hicho ni kazi ya miezi mitatu isiyo na mshahara.

Hati ya umiliki isichukuliwe kama karatasi ya mwisho. Mwandishi wa skripti asaini mkataba wa kuhamisha au kukodisha haki, skripti isajiliwe Ofisi ya Hakimiliki, kila mwigizaji asaini ridhaa kabla ya shoti yake ya kwanza, na mwenye nyumba asaini ya mahali. Wimbo mmoja ndani ya filamu una ruhusa mbili, ya utunzi na ya rekodi, na aghalabu wenye nazo ni watu tofauti. Bibi aliyesimulia hadithi kwa Kiha kule Buhigwe naye ana haki ya kuambiwa itatumikaje na atapata nini, kwa maandishi anayosomewa kwa lugha yake. Vituo vya televisheni na majukwaa ya mtandaoni yakikosa hati moja tu, hayanunui.

Wafanyabiashara wa hapa, wenye nyumba za wageni, maboti, mashine za kukamua mawese, wako tayari kuweka fedha au huduma, lakini wanahitaji mkataba unaoeleweka. Mfano: bajeti milioni 60, ambapo 20 ni mkopo, 15 za mwekezaji, 10 ni huduma kama malazi na boti, 15 ni malipo ya mafundi yaliyoahirishwa. Kwenye karatasi bajeti imejaa. Mkononi kuna milioni 35 tu, kwa sababu malipo yaliyoahirishwa hayanunui petroli na chumba cha bure hakilipi nauli. Filamu ikiuzwa milioni 40, mkopo unachukua 20, mwekezaji 15, zinabaki 5 kwa mafundi wanaodai 15. Bila utaratibu ulioandikwa wa nani anapata kwanza na nani anafuata, hapo ndipo watu waliofanya kazi pamoja wanapofikishana baraza la kata. Utaratibu wa kawaida ni gharama za kuuza, kisha madeni, kisha mtaji wa mwekezaji hadi urudi wote pamoja na nyongeza iliyokubaliwa, kisha walioahirisha, na faida inayobaki nusu kwa wawekezaji na nusu kwa walioitengeneza. Mafundi wakitaka kusogezwa mbele ya mwekezaji, wajadiliane sasa na waandike. Tunaiomba Bodi ya Filamu itoe vielelezo vya mikataba hii kwa Kiswahili chepesi. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya.

Vibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inatuelekeza Bodi ya Filamu, na hilo tunalitii. Lakini filamu moja ya Kigoma inaweza pia kuhitaji Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kwa Gombe au Mahale, mamlaka ya bandari kwa gati, Shirika la Reli kwa stesheni, Wizara ya Mambo ya Ndani kama kuna tukio la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, polisi kwa sare na bunduki za bandia, halmashauri kwa barabara na masoko. Droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, na sisi tuko mpakani, ng'ambo ni Kongo na jirani Burundi, kwa hiyo tahadhari tunaielewa. Tunachoomba kurekebishwa ni mduara: ofisi inataka tarehe kamili na uthibitisho wa fedha kabla ya kutoa kibali, mfadhili anataka kibali kabla ya kuthibitisha fedha, na tarehe haiwezi kupatikana bila vyote viwili. Mduara huu unakatwa na kibali cha awali: barua inayosema kwamba mradi huu, kwa skripti hii, utaruhusiwa kimsingi kwa masharti haya na kwa ada hizi, ikidumu miezi 12, na tarehe zitajazwa baadaye. Mfadhili ataipokea.

Ada zote za mkoa, pamoja na zile za kata na mialo, zibandikwe mahali pamoja zikiwa na tarakimu. Mtayarishaji anayekutana na ada ya soko siku ya kushuti atalipa kile alichotajiwa, bila risiti, na mwisho wa siku atakosa cha kuonyesha kwenye hesabu zenu. Na kuhusu risiti: mama lishe wa Katonga na mwenye mtumbwi hawana mashine ya risiti za kielektroniki (EFD). Mkikubali hati ya malipo yenye sahihi, namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya muamala wa simu, fedha itabaki kwa watu wa mkoa huu na hesabu itakaguliwa. Mkikataa, watayarishaji watalazimika kununua kwenye maduka makubwa au kughushi, na hatutaki lolote kati ya hayo.

Tunapendekeza Afisa Utamaduni wa Mkoa awe ndiye dirisha: apokee faili moja, alisambaze kwa ofisi zote ndani ya siku 14, na aandike kwa kila ofisi iliyochelewa. Apewe kompyuta, fedha ya mafuta na mafunzo ya wiki moja ya kusoma uchambuzi wa skripti na bajeti ya filamu. Mafunzo hayo tutayatoa wenyewe bila malipo. Afisa anayejua kwamba ukurasa mmoja na sehemu tatu unaweza kugharimu kuliko kurasa kumi za sebuleni ataona mara moja ni maombi yapi yamefanyiwa kazi na yapi yamekisiwa.

Mzunguko ujao wa mikopo ya halmashauri, tengeni awamu ya maandalizi kwa miradi mitano tu, Kigoma-Ujiji iwe na miwili na wilaya nyingine mitatu. Kila mradi ukabidhi ndani ya miezi mitatu: skripti iliyosajiliwa, uchambuzi wa matukio yote, ratiba ya siku kwa siku yenye kalenda ya mwezi na ya uvuvi, ripoti ya lokesheni yenye picha na vipimo vya umeme na kelele, bajeti, mpango wa fedha, na rasimu za mikataba. Kamati ikae na watayarishaji mezani, mstari kwa mstari, na iamue ni ipi iendelee. Tunaomba tarehe ya kikao cha kwanza na majibu yenu kwa maandishi, kupitia ofisi ya Mkuu wa Mkoa, kabla ya bajeti za halmashauri za mwaka ujao wa fedha hazijafungwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Watayarishaji, waongozaji na mafundi wa filamu wa kujitegemea,
Kigoma